Inzi Machoni: Si Uchawi, Wala Si Mchezo

Safari hii tunayo maneno makali kidogo, nanyi mtuvumilie. Hatuandiki ili kumwaibisha mtu mmoja. Twaandika kwa sababu tumechoka kuona watu wakipofuka kwa ajili ya maneno ya barazani, na zaidi ya hayo, kuona mjane akifukuzwa nyumbani kwa ajili ya vidoa vyeusi ambavyo hakuvituma yeye. Nasi wenyewe hatuna mikono safi katika jambo hili. Mtasikia.

Miaka minne iliyopita, Dominika moja baada ya Misa, mzee mmoja wa shirika letu, fundi seremala mwenye miaka sitini na kitu, alitungoja nje ya kanisa. Akasema: «Mwalimu, tangu juzi naona inzi weusi katika jicho la kuume. Nikipunga mkono hawaondoki. Na usiku, nikigeuza macho, naona kama umeme pembeni.» Nasi tuliokaa seminari miaka mingi, tukasoma Kilatini na filosofia, tulimjibu nini? Tulisema: «Ni uzee, baba. Pumzika, itapita.» Akatushukuru, akaenda zake.

Juma lililofuata inzi waliongezeka, wakawa kama masizi yanayoanguka kutoka darini. Ndugu zake wakampeleka kwa mfumu. Mfumu akatazama maji ndani ya bakuli, akamtaja mjane wa mdogo wake mzee, aliyekaa naye katika uwanja mmoja. Eti ndiye aliyewatuma inzi wale. Kisha akakamua majani, akamtia mzee maji yake machoni. Siku ile ile yule mama akafukuzwa pamoja na watoto wake watatu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Juma la tano pazia jeusi likafunika jicho zima. Ndipo mzee akapelekwa mjini kwa mganga wa macho. Mganga akamulika ndani ya jicho, akauliza neno moja tu: «Mbona mmekawia?» Jicho lile halioni mpaka leo. Na yule mama hajarudi mpaka leo.

Basi, twauliza: nani amempofusha mzee yule? Si mjane. Wamempofusha waliomchelewesha. Na wa kwanza kati yao ni sisi tulioandika maneno haya, kwani sisi ndio tulioambiwa dalili zote mbili siku ya tatu, tukazijibu kwa neno jepesi.

*Inzi hao ni kitu gani?*

Jicho la mtu si tupu ndani. Limejazwa ute mwangavu, mzito kama ute mweupe wa yai. Ute huo ni mchache, hautoshi hata kujaza kijiko cha chai, na karibu wote ni maji: katika sehemu 100, sehemu 98 au 99 ni maji, na kinachobaki ni nyuzi nyembamba sana na vitu vingine vichache. Nyuma ya ute, ukuta wa ndani wa jicho umetandikwa ngozi nyembamba mno ambayo waganga huiita retina. Hiyo ndiyo inayopokea mwanga na kuupeleka habari zake kwenye ubongo. Bila retina, jicho ni dirisha zuri la nyumba isiyo na mtu.

Miaka ikipita, ute ule hugeuka. Mahali pengine huwa maji matupu, mahali pengine nyuzi zake hukusanyika na kufanya mafundo madogo. Mwanga ukiingia, mafundo hayo hutupa vivuli juu ya retina, nasi twaona vidoa, nyuzi, utando wa buibui, au pete ndogo. Waganga wa zamani walioandika kwa Kilatini waliviita muscae volitantes, na Wafaransa husema mouches volantes. Maana yake ni ile ile ya mzee wetu: inzi warukao.

Watu wengi wanao, hata vijana. Tazama mbingu nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, labda utawaona. Ukigeuza jicho, nao hukimbia; ukitulia, nao hushuka polepole. Inzi wachache wa namna hii, uliowazoea tangu miezi au miaka, si ugonjwa. Hakuna dawa ya matone inayowaondoa, wala haihitajiki. Baada ya muda ubongo wenyewe hujifunza kutowajali. Anayekuuzia chupa sokoni kwa ajili yao anakula fedha zako bure.

Lakini kuna siku nyingine. Mtu akipita miaka hamsini au sitini, mara nyingi ute wote hujibandua kutoka ukuta wa nyuma. Wale wasioona vizuri vitu vya mbali huweza kupatwa na jambo hilo mapema zaidi. Kwa watu wengi hujibandua bila madhara. Lakini kwa wengine ute umeshikamana na retina kwa nguvu mahali fulani, na ukivuta, mtu huona mimweko ya mwanga kama ya umeme. Ukivuta zaidi, retina hupasuka. Hapo maji hupenya katika ufa, yakaingia nyuma ya retina na kuibandua ukutani, kama vile mvua inavyobandua udongo uliopakwa vibaya. Sehemu iliyobanduka haioni tena. Ndilo pazia lile jeusi.

Je, jambo hili ni la mara chache? Mwaka 2009 waganga walikusanya hesabu za wagonjwa waliojiwa ghafla na inzi au mimweko kwa sababu ya ute kujibandua. Waliona kwamba karibu 14 katika 100 walikuwa na ufa katika retina. Maana yake, wengi walirudi nyumbani salama, lakini mmoja katika kila saba hivi alikuwa hatarini, wala hakuweza kujijua mwenyewe. Ni kipimo cha mganga tu kilichomwonyesha.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hatujui methali inayofaa jicho kuliko hiyo. Ufa wa retina ukionekana mapema, mganga huuzunguka kwa mwanga mkali wa leza au kwa baridi kali, retina ikashikamana tena, na mgonjwa mara nyingi hurudi kwake siku ile ile. Retina ikisha kubanduka, si kazi ya dakika chache tena, ni upasuaji mkubwa. Na kama sehemu ya katikati, ile inayosoma na kutambua nyuso, imebanduka tangu siku nyingi, hata fundi hodari harudishi yote. Zamani hapakuwa na tumaini lolote. Ni mganga mmoja wa Lausanne katika nchi ya Uswisi, Jules Gonin, aliyekufa mwaka 1935, aliyeonyesha kwamba mwanzo wa kubanduka ni ule ufa, na kwamba ukizibwa jicho huweza kupona. Karibu miaka mia imepita tangu ulimwengu upate elimu hiyo, nasi bado twatazama maji ndani ya bakuli!

*Majibu kwa wanaotupinga*

Tukisema hivi, wengi hutujibu. Tuyapime maneno yao moja moja.

Wa kwanza husema: «Hao ni inzi wa uchawi, kwani mgonjwa peke yake huwaona.» Kumbe! Njaa yako, nani mwingine aisikiaye? Kivuli kilicho ndani ya jicho lako hakiwezi kuonwa na jirani. Na kwamba hukimbia ukiwafuata kwa macho, hiyo ndiyo alama kwamba wamo ndani ya jicho lenyewe, kwani jicho likienda nao huenda. Mzee wa Ulaya, asiyemjua shemeji yako wala kijiji chako, huona inzi wale wale katika umri ule ule. Je, naye amelogwa na yule mjane? Angalieni tena ni nani anayetajwa siku zote na mfumu. Hamtaji mwenye duka wala mwenye lori. Humtaja mjane, bibi kizee, mtoto yatima: yule asiye na mtu wa kumtetea. Kumsingizia mtu uchawi ni dhambi kubwa, na kumfukuza kwa ajili hiyo ni dhambi juu ya dhambi. Yuko mkristu aliyefanya hivyo na bado anapokea Komunyo bila kumtafuta aliyemdhulumu? Na ajiulize moyoni.

Wa pili husema: «Dawa ya mababu yatosha.» Sisi hatusemi kwamba kila jani la mababu ni baya. Twasema hivi: ufa ulio nyuma ya jicho haufikiwi na maji ya majani yanayotiwa mbele. Lakini mbele yenyewe yaweza kuharibiwa. Waganga wa macho hupokea watu ambao kioo cha mbele cha jicho kimechomwa au kuoza kwa ajili ya vitu walivyotiwa: utomvu, mkojo, unga wa mizizi. Yuko hata mmoja aliyetujibu kwa Biblia, akasema Tobiti alipakwa nyongo ya samaki akaona. Ndiyo, ndugu. Lakini Tobia mwanawe alifundishwa na malaika Rafaeli, aliyetumwa na Mungu. Wewe, Rafaeli wako yuko wapi? Yule anayekudai kuku wawili na jozi ya kitenge?

Wa tatu husema: «Tuombe tu, Mungu ataponya.» Hapa twasema kwa heshima, kwa kuwa sala ni kazi yetu. Tuombe, ndiyo, tena sana. Lakini tuombe njiani tukienda hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba mganga naye ameumbwa na Mungu na kwamba yampasa heshima. Anayemshikilia mgonjwa siku tisa za novena huku retina ikibanduka hamheshimu Mungu, anamjaribu. Na katekista au kiongozi wa kundi la sala anayemwambia mgonjwa kwamba kwenda kwa mganga ni kukosa imani, huyo anabeba mzigo asioujua.

Wa nne husema: «Haliumi, basi ningoje.» Neno hili ndilo linalopofusha wengi kuliko uchawi wote. Jicho likiingiwa na mchanga, mtu hukimbia, kwani laumiza. Retina ikipasuka haiumi. Ikibanduka haiumi. Tena jicho la pili huficha ubaya wa mwenzake, na mtu huweza kutembea, kulima na kusuka mkeka bila kujua kwamba jicho moja linakufa. Kwa hiyo jipime: funika jicho moja kwa kiganja, tazama mlango, kisha funika la pili. Kama jicho moja laona kivuli upande mmoja, au laona kidogo kuliko jana, usingoje maumivu. Hayatakuja.

Wa tano husema: «Fedha hakuna.» Huyu twamsikiliza kwa huzuni, kwani mara nyingi asema kweli. Waganga wa macho wengi wako mijini, njia ni mbaya, na nauli ni ghali. Lakini twaulize pia: matanga ya juzi, bia na mbuzi vilitoka wapi? Mfumu alilipwa na nini? Katika habari ya mzee wetu, ndugu walimpa mfumu mbuzi, kuku na fedha. Tulipohesabu, tuliona kwamba zilitosha nauli ya kwenda mjini na kurudi, mgonjwa na mwenzake. Fedha ilikuwapo. Shauri jema ndilo halikuwapo.

*Dalili zisizongoja*

Sasa twaziandika dalili ambazo zikija, mtu aende kwa mganga siku ile ile, au kesho yake asubuhi, wala si juma lijalo. Mwenye kujua kusoma na awasomee wengine.

Ya kwanza: inzi wapya wengi wakija ghafla, au wale wa zamani wakiongezeka ghafla, kama masizi au moshi. Mara nyingine hiyo ni damu iliyomwagika ndani ya jicho. Wenye ugonjwa wa sukari wawe macho zaidi, kwani kwao mishipa midogo ya jicho hupasuka kwa urahisi.

Ya pili: mimweko ya mwanga pembeni, hasa gizani au ukigeuza macho.

Ya tatu: kivuli au pazia linaloingia kutoka upande mmoja, juu au chini, na kukua.

Ya nne: kuona kukipungua ghafla katika jicho moja.

Ya tano: inzi wakija baada ya jicho kupigwa kwa ngumi, mpira, fimbo au tawi, au baada ya kurukiwa na kipande cha jiwe au cha chuma. Mnaovunja mawe, mnaochimba madini, mnaogonga chuma juu ya chuma: kipande kidogo chaweza kuingia ndani na tundu lake lisionekane.

Ya sita: inzi pamoja na jicho jekundu, maumivu, na kuchukia mwanga. Hapo pengine ni uvimbe wa ndani ya jicho. Ndugu zetu waliopona Ebola wakumbuke hasa dalili hii. Katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipoteza watu zaidi ya 2,200. Lakini zaidi ya elfu moja walipona, na kati ya waliopona Ebola wako wanaopatwa na uvimbe huo baadaye, hata wakiwa wamekwisha kurudi shambani. Wakitibiwa mapema huponywa. Tusiwaongezee mzigo kwa kusema eti wamelaaniwa.

Walio na hatari zaidi ya retina kupasuka ni wale wasioona mbali, waliopasuliwa mtoto wa jicho, waliowahi kubanduka retina katika jicho la pili, na wenye ndugu wa damu aliyepatwa na jambo hilo.

Ukifika kituo cha afya, usiseme tu «macho yananisumbua». Sema: «Naona inzi wapya tangu siku fulani, naona mimweko, naona kivuli upande huu.» Omba barua ya kwenda kwa mganga wa macho. Nanyi wauguzi, twawaheshimu, lakini twawasihi: msimpe mtu huyu chupa ya matone na kumrudisha nyumbani. Matone mengine yakitumiwa bila kipimo huongeza ubaya. Mganga atatia dawa ya kupanua mboni ili aone ndani. Macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mwenzako, wala usiendeshe pikipiki wewe mwenyewe. Akikuambia urudi baada ya majuma machache, rudi, kwani ufa waweza kutokea baadaye. Na dalili zikiongezeka kabla ya siku hiyo, usingoje.

*Aliyechekwa*

Mwaka jana mama mmoja muuza samaki wa shirika la jirani aliona inzi jioni, akaona mimweko usiku, na asubuhi akapanda lori. Alikuwa amesikia habari ya mzee wetu. Mganga akampima, hakuona ufa. Akarudi bila kidonge, bila bandeji, na nauli imekwisha. Sokoni watu wakamcheka: «Umekula fedha zako bure, mama, umeenda kutazamwa tu!»

Sisi twasema: hakula bure. Alinunua kujua, na usingizi wa usiku. Kama ufa ungekuwapo, angalinunua jicho lake. Na tazameni tena: hakuna mtu aliyesingiziwa, hakuna mtoto aliyelala nje kwenye mvua. Waliomcheka ndio waliompa mfumu mbuzi. Tuambieni, nani mjinga?

Basi, tufanye nini? Kila shirika lina likelemba au sanduku lake. Tutenge kitu kidogo kila mwezi kwa nauli ya wagonjwa, na tukubaliane tangu sasa kwamba mtu akitaja dalili mojawapo ya hizi sita, fedha itolewe siku hiyo, bila mkutano wa juma zima. Nanyi makatekista wenzetu, tusijifanye waganga. Mtu akituambia habari ya macho yake, jibu letu liwe moja: «Twende.»

Kwa upande wetu tumekwisha kumwendea mzee, tukamwomba msamaha. Akatusamehe, kisha akasema neno lililotuchoma: «Mwalimu, jicho limekwenda. Lakini mrudishieni shemeji yangu nyumba yake.» Tumemtafuta yule mama, tumejua alipo. Ndugu wa mzee bado wanakataa. Wanasoma gazeti hili, nao watajijua. Twawangoja.